Uzi Haushoni Damu

Juzi jioni mlinijia wawili, wanangu, boksi la mafuta ya kupikia mmelishika huku na huku, ndani watoto wanne wa German Shepherd wamelala juu ya kipande cha kanga. Mliamkia, mkakaribishwa, mkanywa chai, na chai ilipoisha ndipo mkubwa wenu akasema lililowaleta: "Babu, huyu ana kinundu kitovuni. Wateja wakiuliza tuseme nini?" Nilimgeuza mtoto, nikamgusa, nikawaambia huyo asiuzwe kwanza. Mkaondoka kimya, na nyuso zenu zilionyesha kwamba hela yake mlikuwa mmeshaipigia hesabu.

Nimekaa na swali lenu siku mbili. Halikustahili jibu la mlangoni. Niliwahi kuulizwa swali hilohilo nikiwa kijana kama ninyi, nikalijibu nilivyotaka mimi, na gharama ya jibu langu aliilipa mtu mwingine.

Tuanze na kile mlichokishika. Mtoto wa mbwa hukaa tumboni siku 63 hivi, na muda wote huo chakula na hewa vinamfikia kwa kiungamwana. Mishipa ya kiungamwana inapita kwenye tundu lililo katikati ya misuli ya tumbo lake. Akishazaliwa, kiungamwana hunyauka na kudondoka baada ya siku chache, na tundu hujifunga. Lisipojifunga, vilivyomo tumboni vinapata mlango. Mara nyingi kinachochungulia ni mafuta tu. Mara chache ni utumbo. Hiyo ndiyo ngiri ya kitovu. Kinundu mnakiona kwa macho, lakini cha kupimwa ni lile tundu lililo chini yake, nalo jicho halilifikii.

Ndiyo maana nilitumia kidole. Mtoto hulazwa chali mapajani, akatulia, kisha ncha ya kidole ikasukuma kinundu polepole kurudi ndani. Yule mwenye miguu myeupe ana kinundu kigumu kidogo kama punje ya choroko, hakimuumi na hakirudi popote. Chini yake misuli imefumba kabisa. Huyo alibakiwa na tone la mafuta nje wakati mlango unafungwa, basi. Lakini yule mliyeniulizia, kinundu chake kilirudi ndani kwa ulaini, na kidole changu cha shahada kikakifuata mpaka kwenye mzizi wa ukucha. Niliyagusa makali ya tundu pande zote, kama tundu la kifungo cha koti. Ana wiki sita. Matundu madogo ambayo hata ncha ya kidole cha mwisho haiingii mara nyingi hujifunga yenyewe kabla mtoto hajatimiza miezi sita. La huyu silitegemei.

Na ukubwa huo ndio ulionitisha. Mtu angedhani kwamba kadiri tundu linavyokuwa kubwa ndivyo hatari inavyozidi, kumbe mambo hayaendi hivyo. Tundu dogo sana hupitisha mafuta peke yake. Kwenye tundu kubwa sana utumbo huingia na kutoka pasipo kubanwa, ingawa nalo ni la kushonwa. Hili la katikati, linalotosha kidole, ndilo linaloweza kuuruhusu mkunjo wa utumbo utoke kisha likaukatalia kurudi. Utumbo ukibanwa damu haifiki, na usipofikiwa na damu unakufa ungali ndani ya mbwa aliye hai. Kinundu kilichokuwa laini kinakuwa kigumu na cha moto, mtoto analia ukikigusa, anatapika, anakataa chakula. Hapo hakuna kungoja kupambazuke. Ni daktari wa mifugo, saa ileile, kwa pikipiki au kwa miguu.

Mwaka 1984 sikuyajua hayo. Nilichokijua ni sarafu. Bibi zetu walikuwa wakimfungia mtoto mchanga sarafu juu ya kitovu kilichotokeza, nami nikaona kinachomfaa mtoto wa mtu kitamfaa na wa mbwa. Nikamfunga jike mmoja mdogo sarafu ya shilingi kwa plasta. Nilipoibandua siku ya kumi ngozi ilikuwa imechubuka na inanuka, manyoya yameng'oka na plasta, na tundu liko palepale. Nikamwosha, nikasubiri manyoya yaote, nikamuuza. Aliyemnunua alikuwa mama mjane mwenye kibanda cha bidhaa kando ya barabara ya kwenda Moshi, ambaye wezi walikuwa wameshamvunjia mara mbili. Alimgeuza mtoto, akakiona kinundu, akaniuliza. Nikamwambia ni kitovu tu, kitapotea.

Miezi mitatu baadaye alinijia asubuhi akisukuma toroli. Ndani yake alikuwa yule mbwa, amekua, masikio yameshasimama, na kitovuni ana kitu cha ukubwa wa pera bichi, kigumu vilevile, ngozi yake imegeuka rangi ya zambarau. Alikuwa ametapika usiku kucha. Bwana mifugo alikuwa kwenye josho, mbali, na simu za mkononi hazikuwapo. Mbwa alikufa kabla ya saa tano, kichwa chake kikiwa juu ya mguu wa yule mama. Hakunidai fedha. Aliniuliza neno moja tu, "Ulijua?", na nilipochelewa kujibu akaligeuza toroli lake akaenda.

Wanangu, mteja akija nyumbani kwenu msingoje aulize. Kamata mkono wake, weka kidole chake juu ya tundu, alisikie mwenyewe. Mwambie litahitaji kushonwa, mwambie dalili zile za hatari zote, na bei ishushe kwa kadiri ya gharama ya daktari. Wengine watakataa na kuondoka. Wapo watakaomchukua kwa furaha, kwa sababu wanataka mlinzi wa nyumba na mwenza wa watoto, nao wakishaambiwa ukweli watarudi kwenu mara ya pili na ya tatu. Kabla ya wiki nane lakini asitoke, na asitoke kabla daktari hajamwona. Siku ya chanjo ya kwanza mwonyesheni kitovu hicho. Na kitovu kikiwa na unyevu, usaha au harufu, hiyo ni habari nyingine, ni uchafu ulioingia, nayo inataka dawa siku hiyohiyo.

Kuuza, hata hivyo, ndilo lililo dogo. Mdogo wenu aliniuliza wakati wa kuaga kama mama yao apandishwe tena na dume yuleyule, maana watoto wametoka na umbo zuri. Hapo ndipo nilipotamani kuwarudisha ndani mkae. Mtoto mwenye ngiri ni mbwa mmoja, na daktari mwenye mkono mzuri anamponya kwa kisu kidogo. Uamuzi wa kupandisha unaingia kwenye boma za watu ambao hamtawaona kamwe.

Ngiri hii kwa sehemu kubwa inarithiwa. Wapo wanaomlaumu mama kwamba alikivuta kiungamwana alipokikata kwa meno, na ni kweli mama mwenye papara anaweza kuumiza pale, au mtu akikata karibu mno na tumbo. Lakini ikijirudia uzao baada ya uzao, tusimsingizie mama meno yake. Zipo mbegu za mbwa zinazojulikana duniani kwa jambo hili: Airedale Terrier, Pekingese, Pointer, Weimaraner, na Basenji ambaye nitamrudia. Hairithiwi kwa chembe moja ambayo daktari angeichukulia damu, akaipima, akawaambia huyu anayo na huyu hana. Inaaminika kwamba chembe zinazohusika ni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Mimi huifikiria kama maji kwenye ndoo. Baba anatia yake, mama anatia yake. Ndoo ikifurika, mtoto anazaliwa na tundu. Ikijaa mpaka ukingoni bila kumwagika, anazaliwa na kitovu safi, mkamsifu, mkampandisha, na yeye akaenda kuzijaza ndoo za watoto wake. Kwa hiyo kumtazama mbwa mmoja kitovuni hakutoshi. Waulizieni ndugu zake aliozaliwa nao, waulizieni watoto wake wa nyuma, muwaone kama inawezekana.

Hilo nililijifunza kwa dume mmoja mwaka 1992. Alikuwa mbwa wa kusifiwa, kifua kipana, mgongo mzuri, mwenyewe alimleta kwa gari na ada yake ilikuwa kubwa. Nilimkagua meno, macho, mwendo, na korodani zote mbili. Jike wangu akazaa watoto wanane, na wanne kati yao walikuwa na matundu. Jike huyo alikuwa ameshanizalia mara mbili bila kasoro. Nikamfuata mwenye dume, nikaomba nimwone mbwa tena. Alipolala chali kuota jua nikazipekua nywele za tumbo lake kama mama anavyomtafuta mtoto chawa, na nikauona: mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa cherehani, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, juu kabisa ya kitovu. Alishonwa akiwa na miezi sita. Nilipomwuliza mwenyewe kwa nini hakuniambia, alinijibu kwamba mbwa alishapona.

Na kweli alikuwa amepona. Kushonwa kwake kulikuwa haki yake. Angeachwa na tundu lile huenda angekufa kama yule wa mama mjane. Ila uzi ulishona misuli na ngozi. Damu aliyowapa watoto wangu ilikuwa ileile ya kabla ya kisu. Katika miaka yangu yote ya kufuga, hakuna kilichoharibu mbwa wetu wa huku chini ya Meru kama kovu linalofichwa na nywele na mdomo unaofumbwa na ada ya kupandishia.

Sasa nisikilizeni na upande wa pili, maana mmoja wenu nilimsikia akinong'ona langoni kwamba heri watoto wote wagawiwe bure, mama afungwe kizazi, muanze upya na mbwa wengine. Hasira hiyo naielewa, na nayo ingewapotosha.

Yule Basenji ni mbwa wa Kongo, wa wawindaji wa msituni. Ni mdogo, mkia umejikunja juu ya mgongo, habweki kama mbwa wetu bali hutoa sauti kama ya kuimba, na jike wake kwa kawaida huingia joto mara moja tu kwa mwaka. Jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi". Ndivyo walivyoitwa watu wa vijijini waliokuwa nao, na mbwa wakalibeba jina hilo. Waingereza walifanikiwa kuwazalisha kwao miaka ya 1930, Wamarekani wakafuata, na ukoo wote wa ng'ambo ukatokana na mbwa wachache waliovuka bahari. Vingiri vidogo vya kitovu ni vya kawaida kwao, na wafugaji wengi huvivumilia bila kumtupa mbwa. Kilichowapeleka pabaya ni kitu kingine. Miaka ya 1970 wafugaji hao walikuwa na kipimo cha ugonjwa wa kurithi wa kupungukiwa damu uliokuwa ukiua mbwa vijana, wakaamua kama mnavyotaka kuamua ninyi: kila aliyeibeba chembe ya ugonjwa ule, hata awe mzima wa afya, akaondolewa kwenye uzazi. Ugonjwa ule ulipungua sana. Lakini ukoo uliobaki ulikuwa umezidi kuwa mwembamba, na ndani yake ulijificha ugonjwa mwingine, wa figo, unaoitwa Fanconi, nao ukaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani wakafunga safari mpaka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, wakaingia vijijini kutafuta mbwa wa asili. Mwaka 1990 kitabu cha nasaba cha American Kennel Club kikafunguliwa ili kuwapokea. Kipimo cha vinasaba cha Fanconi kilipatikana mwaka 2007, na safari hii kikawasaidia kuchagua wa kuoanisha na nani, badala ya kufyeka tena.

Nimewasimulia haya kwa sababu mama wa watoto wenu namjua. Uzao wake wa kwanza, watoto sita kwa dume wa Tengeru, niliwapekua mwenyewe mmoja mmoja na vitovu vyao vilikuwa safi. Ana tabia njema, hajamng'ata mtu, analea vizuri, nyonga zake ni imara. Mbwa wa namna hiyo hatupwi kwa ajili ya kitovu cha mtoto mmoja. Apumzike joto linalokuja, kisha mtafutieni dume mwingine ambaye yeye na ndugu zake hawana historia hii. Uzao huo nao ukitoka na matundu, basi ndoo yake yeye imejaa, na hapo afungwe kizazi bila kumwonea haya. Kwa dume wa safari hii asirudi, hata ada mkisamehewa.

Huyo mdogo mwenye tundu, awe mzuri namna gani, asizae. Akifika wiki nane mwangalieni korodani, kwa kuwa madaktari wameona madume wenye ngiri ya kitovu mara kadhaa huwa pia na korodani isiyoshuka. Akifikisha miezi kama sita ahasiwe na kushonwa siku hiyohiyo, dawa ya usingizi mara moja, kuuguza mara moja. Yule mwenye punje ya choroko sina neno naye. Akikua na sifa nyingine zote anazo, na mwenzake akawa safi kwa ukoo, apandishwe. Ila wawili wenye alama kitovuni, hata alama ndogo, msiwaoanishe. Na jike mwenye ngiri ya kinena, pale pajani, huyo msimlinganishe na hawa kabisa: akibeba mimba, mji wa mimba unaweza kuingia kwenye tundu, mkampoteza yeye na watoto.

Kuna jambo mlilisema mkicheka, la kubakiza dume na jike wa boksi hilo ili baadaye mje kuwapandisha wao kwa wao, msilipe ada ya mtu. Sikucheka nanyi. Kaka na dada wamechota maji yao kisima kimoja. Ukitaka kuzifurisha ndoo kwa haraka, hakuna njia fupi kuliko hiyo, na haitafurika ngiri peke yake.

Nimewawekea daftari. Langu la kwanza nilianza kuandika mwaka 1986, baada ya kuchelewa kwa miaka miwili tangu yule mama ageuze toroli lake. Ukurasa mmoja kwa uzao mmoja: tarehe, baba, mama, watoto wangapi, kila mtoto na kitovu chake katika wiki ya sita, tena wiki ya kumi na mbili kwa kumpigia simu aliyemchukua. Zamani niliendesha baiskeli kwenda kuwaona; ninyi mna simu mfukoni. Andikeni na kasoro, tena hizo ndizo za kuandika kwanza, kabla hamjazisahau kwa kupenda kwenu mbwa.

Mwenye dume atakasirika mkimwambia. Mwambieni kwa heshima, bila kumtuhumu, kwamba uzao umetoka na tundu moja na mngependa kujua watoto wake wengine wakoje. Huenda hajui chochote. Mbwa hununuliwa akiwa ameshashonwa, na aliyemnunua naye akawa hakuambiwa. Jumamosi asubuhi aje naye hapa. Tutamlaza chali chini ya ule mparachichi, upande unaofikiwa na jua, mmoja wenu amshike kichwa na kumtuliza, mwingine apekue nywele za tumboni kidogo kidogo kuanzia kifuani kushuka. Macho yangu hayaoni tena mstari mwembamba kiasi kile. Ninyi ndio mtakaoniambia kama upo.